Hata Polisi Wamesema

Kilichomkera Kobe asubuhi ile hakikuwa joto la mashine za kufulia, ingawa joto lenyewe lilikuwa la kumtoa mtu roho. Zilikuwa ni zile pole.

Alianza kuzipokea mlangoni, kabla hajafungua hata mkoba wake. Mama wa kupakua mashine kubwa alimpa pole. Mzee wa kukunja mashuka alimshika mkono kwa mikono yake miwili, "Pole sana, mwanangu," sauti ya chini ya msibani. Msukuma mkokoteni wa nguo chafu, aliyekuwa anapita zake tu, naye, "Pole, afande." Jamani! Aliyeibiwa hapa ni nani? Watu wa ufuaji wa hospitali wamekombwa mishahara na matapeli, karibu chumba kizima, halafu wao ndio wanampa pole mpelelezi. Kobe alikuwa amezeekea kwenye dawati la utapeli. Walioibiwa walishamtukana, walishamlilia begani, mmoja alishamrushia kiatu. Kupewa pole, hapana, hiyo ilikuwa mpya.

Kobe si jina alilopewa na mama yake. Alibandikwa kazini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, na hakuna mtuhumiwa aliyewahi kumwona akiachia. Aliyefuatana naye aliitwa Sajini tu, mwanamke mkavu, kalamu nne mfukoni na maneno machache mdomoni.

Kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuishika. Kulikuwa na watu waliojiita Klabu ya Marejesho. Walikuwa wanawapigia simu wenye mishahara: ndugu, umekuwa ukikatwa kodi kupita kiasi, pesa yako imelala serikalini, lipa kiingilio, uwe mwanachama wetu, sisi tutakudai kwa niaba yako. Na nani asiyependa kusikia kwamba ana chake kimelala mahali? Watu wa ufuaji walilipa. Wakakaa wanasubiri kurejeshewa kodi yao. Mwisho wa mwezi simu zikalia, wakazikimbilia huku wanacheka, kumbe pesa haikuingia, imetoka! Mwezi uliofuata ikatoka tena. Walipodai warudishiwe kiingilio na vyote vilivyokatwa, walijibiwa kwa adabu zote: mlikubali wenyewe, sauti zenu tunazo.

Sasa ilikuwa Ijumaa. Mtu wa benki alikuwa amemnong'oneza Kobe kwamba wenye klabu wameomba kutoa fedha zote Jumatatu asubuhi. Hakimu alikuwa tayari kuifunga akaunti leo hii, ila alitaka kitu kimoja: mwanachama aliyeandika maelezo na kutia sahihi, mmoja tu. Asipopatikana huyo, Jumatatu klabu ingeingia mitini na kila senti, na watu wa ufuaji wangebaki kutazamana.

Na mtu mwenyewe alikuwepo. Aliyeleta malalamiko alikuwa mpiga pasi, mama wa makamo mwenye alama za kuungua mpaka kwenye viwiko. Pesa aliyoitoa alikuwa ameiweka kidogo kidogo anunue pasi ya mvuke, ya kwake mwenyewe, aachane na mashuka ya wagonjwa afungue kazi nyumbani. Wiki iliyopita alikuja kituoni akiwaka moto. Leo alikuwa amepoa kama maji ya mtungi.

"Tia sahihi hapa tu, mama," Kobe alimwambia. "Ni maneno yako mwenyewe. Sajini ameyaandika vizuri."

"Nimeyafuta."

"Umeyafutaje?"

"Nimesamehe."

"Umesamehe pasi nzima?"

Mpiga pasi aliendelea kunyoosha shuka lake. "Pesa si inatafutwa tu, afande."

"Nani amekutisha?"

"Mimi?" Hapo moto wake ulirudi kidogo. "Anitishe nani, na hili chuma mkononi?"

"Basi ni nini?"

Alisimamisha pasi. "Nikiandika, si nitaulizwa mahakamani?"

"Utaulizwa."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

"Basi ndiyo hivyo." Akaligeuza shuka upande wa pili. "Pole, afande."

Kobe alijaribu kwa wengine, mmoja baada ya mwingine, na wote waliimba wimbo mmoja. Kwa nini mlitoa pesa kwa watu msiowaona? Tulihakikishiwa. Na nani? Hapo kila mtu alipata kazi ya ghafla. Huyu anatafuta sabuni, yule anakagua dari. Waliahidi kumwombea, lakini kutia sahihi walikataa katakata.

Alipotoka alipita kwenye chumba kidogo cha ushonaji, mwisho wa korido, akachungulia kutoa heshima. Mama mkwe wake alikuwa mshonaji pale, wa kutia viraka mashuka yaliyochanika. Jambo hilo Kobe alikuwa amelisema mapema kwa mkubwa wake, hakuficha. Mama mkwe si mwanachama. Yeye hulipwa kwa kila shuka, hakatwi kodi, klabu haikuwa na shughuli naye. Mkubwa akasema endelea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu," mama mkwe alijibu, na hakuinua uso kutoka kwenye sindano. Kobe alidhani ana haraka ya kazi.

*

Ofisi ya klabu ilikuwa juu ya duka la viatu, ghorofa ya pili, zulia jipya na kiyoyozi cha kumgandisha mtu. Meneja alikuwa kijana mwenye meno mazuri, na hakuyafanyia ubahili. Aliwaletea viti, akawaletea maji, akauliza kama hewa inatosha.

"Hili neno marejesho," Kobe alianza, "kwenu lina maana gani?"

"Afande, wewe ukikopa, kila mwezi unapeleka nini?"

"Marejesho."

"Si ndiyo hayo? Sisi tunamkopesha mwanachama huduma ya ushauri wa kodi. Yeye anarejesha kidogo kidogo, kila mwezi, bila kuumia."

"Na ile kodi yake anayorejeshewa?"

"Hiyo huirejesha serikali. Sisi tunamwelekeza njia."

"Fomu ya kuombea hutolewa bure, dirishani, ofisi ya kodi."

"Na njia ya kufika dirishani ndiyo tunayomwelekeza," meneja alisema, meno yote nje.

"Kwa hiyo mtu anasikia kupokea, ninyi mnasema kutoa."

"Afande, Kiswahili hakikuanzishwa na kampuni yetu."

Kobe alitamani kumzaba kibao, akanywa maji badala yake. "Tusikilizishe hizo sauti."

Meneja alikuwa anangoja hilo. Aligeuza kompyuta, akabofya. Sauti ya kiume, laini, ikauliza: "Unakubali marejesho ya kila mwezi?" Nyuma ya sauti ile lori lilipiga honi, ndefu, ikakatika ghafla. Kisha mzee wa kukunja mashuka, anatetemeka kwa furaha: "Nakubali, mwanangu. Mungu akubariki."

"Nyingine," Kobe alisema.

"Unakubali marejesho ya kila mwezi?" Honi ndefu, ikakatika. "Nakubali!" Huyo alikuwa mama wa mashine kubwa. Chini ya sauti yake kulikuwa na mlio mwingine mdogo, wa kugonga haraka haraka, taktaktak, kimya, taktaktak.

"Nyingine."

Hii meneja aliiteua kwa makusudi. Swali lile lile, honi, kisha mpiga pasi, anacheka mpaka maneno yanamkwama: "Nakubali, kaka yangu! Tena hata polisi wamesema. Wapeni mapema mlale usingizi!"

Kalamu ya Sajini ilisimama juu ya karatasi.

"Unaona hapo?" Meneja aliegemea kiti. "Nipeleke mahakamani, afande, mimi sina neno. Nitamchezea hakimu hiyo. Halafu yeye mwenyewe atauliza: polisi gani?"

"Nipe nakala," Kobe alisema. "Zote."

"Zote?"

"Au kuna usiyoiamini?"

Kijana alikuwa na majivuno ya kutosha watu watatu. Akampa zote.

Kwenye gari, Sajini ndiye aliyeanza. "Umeisikia honi?"

"Lori moja, honi moja, inakatika mahali pamoja. Watu watatu, siku tatu tofauti."

"Swali wamelirekodi mara moja wakalibandika."

"Na la kweli wamelikata wakalitupa. Hao hatuwakamati kwa kukopesha, tunawakamata kwa kughushi." Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi Kobe alijisikia mtu. "Tukipata mmoja wa kuapa kwamba aliulizwa kitu kingine, hakimu anafunga akaunti kabla hajavua miwani."

"Na huyo mmoja akiapa, ataulizwa habari za polisi."

"Ndiyo maana hawasemi. Wanamlinda mtu." Alipiga usukani kwa kiganja. "Msimamizi wao! Si alikuwa mgambo yule? Na pikipiki mpya ile, ameitoa wapi?"

Sajini alifungua mdomo, akaufunga.

"Nini?"

"Hakuna kitu. Endesha."

*

Msimamizi wa ufuaji alikuwa na kijichumba chenye dirisha la kioo kilichojaa ukungu wa mvuke. Kobe alimkalisha, akabaki amesimama yeye mwenyewe. Ni mbinu ya zamani.

"Uliwahi kuwa askari."

"Mgambo, afande. Zamani hizo, nikiwa na meno yote."

"Hapa kazini wanakuitaje?"

"Kuna wanaonitania wananiita Polisi."

Kobe alimtazama Sajini, Sajini akatazama kalamu yake. "Pikipiki iliyoko nje ni ya nani?"

"Ya mkopo! Unataka nikuoneshe marejesho yake?" Neno lilipomtoka, msimamizi mwenyewe alikunja uso. "Neno gani hili, sasa limekuwa tusi."

"Wewe ndiye uliyewaambia watu kwamba klabu ni halali."

"Mimi?" Alisimama, akakumbuka, akakaa. "Afande, mimi nilikuwa wa mwisho kuingia! Niliwaambia hawa ni wezi, mtauziwa mbuzi kwenye gunia. Nilibishana mpaka nikakauka koo. Mpaka nikaambiwa jamani, kuna mtu ameulizwa, mkubwa, tena wa kazi hiyo hiyo ya kukamata matapeli, naye akasema—" Akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Nani?"

Msimamizi alitikisa kichwa.

"Nani, nimekuuliza!"

"Afande, nakuomba. Usinitie dhambini."

Sajini aliuliza polepole, bila kuinua macho: "Simu walipokelea wapi? Humu ndani mtu hasikii hata jina lake."

Msimamizi aliutazama ukuta. Na wakati huo mashine kubwa ilikuwa imemaliza mzunguko, imenyamaza, na kutoka upande wa pili wa ukuta ule mlio mdogo ulikuja wazi kabisa. Taktaktak. Kimya. Taktaktak.

Cherehani.

Kobe aliyarudia maneno ya kwenye rekodi. Wapeni mapema mlale usingizi. Nani mwingine anasema hivyo? Ni maneno yake mwenyewe, anayomwambia kila mwenye deni, kazini, nyumbani, hata Sajini ameshayasikia mpaka ameyachoka. Ikamjia Jumapili ile, mama mkwe amekuja kuwaona wajukuu, amesimama mlangoni mwa sebule: "Mkwe wangu, samahani nikuulize. Hawa watu wa marejesho ya kila mwezi, ni wa halali?" Naye akajua moja kwa moja, au alidhani amejua, kwamba mama anasema kile kikundi chao cha kina mama cha kukopeshana, kwamba anaona tabu kupeleka marejesho yake. Akamjibu: "Halali kabisa, mama. Wape mapema ulale usingizi."

Polisi gani? Polisi mwenyewe amesimama hapa, anambana mgambo mstaafu kwa ajili ya pikipiki.

"Samahani, mzee wangu," alimwambia msimamizi. "Nenda kaendelee na kazi."

"Pole, afande," msimamizi alisema, na safari hii Kobe aliielewa, akatamani ardhi ipasuke.

Kwenye korido alimgeukia Sajini. "Ulijua."

"Tangu kwenye kompyuta ya yule kijana."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri," Sajini alisema.

*

Chumba cha ushonaji kilikuwa na cherehani moja, stuli moja, na mashuka yaliyorundikwa mpaka dirishani. Mama mkwe alipoona wameingia wote wawili na mlango umefungwa, aliondoa mguu kwenye kanyagio.

"Umekula, mkwe wangu?"

"Mama, nimesikia sauti zao. Nimeisikia na cherehani yako humo ndani."

Alikunja shuka lililokuwa mbele yake, akalikunja tena, likawa dogo kabisa. "Nilijua utafika. Wewe unachelewa, lakini unafika."

"Niambie."

"Nikuambie nini usichokijua? Walinijia mimi. Mama, wewe una mkwe mkubwa huko, anakamata matapeli, hebu tuulizie. Nami nikavimba kichwa. Mara yangu ya kwanza mtu kuniuliza kitu humu ndani zaidi ya uzi. Nikaja kwako. Nikarudi kifua mbele: mkwe wangu amesema ni halali, wapeni mapema." Sauti ilianza kumvunjika, akajikaza. "Wakaja kupokelea simu humu humu, kwa sababu pametulia. Mmoja mmoja. Wanaweka sauti ya juu nisikie na mimi, tufurahi pamoja."

Sajini alikuwa ameshafungua karatasi. "Walikuwa wanaulizwaje, mama? Maneno yenyewe."

"Ungependa kupokea marejesho yako ya kodi kila mwezi?"

"Kupokea?"

"Kupokea. Kila mmoja. Nimelisikia mpaka sasa naliota."

Sajini aliandika haraka. Hilo ndilo lililokatwa na kutupwa, na hapa lilikuwa limekaa zima kwenye kichwa cha mtu ambaye hadai chochote kwa klabu wala hatapata chochote kwa kusema. Hakimu angempenda shahidi huyu. Kobe alilijua hilo vizuri kabisa, na bado alitamani Sajini yule ashindwe kuandika.

"Utatia sahihi, mama?"

"Nitatia. Jina lako nitaliacha. Nitasema nilimuuliza polisi mmoja njiani, simjui."

"Huo ni uongo, mama, na utakuwa umeapa."

"Uongo ni wangu, niachie mwenyewe! Watakufukuza. Wajukuu zangu watakula nini?" Sasa alikuwa analia, na anayafuta machozi kwa kona ya shuka la hospitali. "Mimi sikutoa hata senti moja. Unaelewa? Hawanikati kodi mimi. Wao nimewapeleka mtoni kwa mkono wangu, mimi nimebaki juu mkavu, na pesa yangu mfukoni. Halafu wanakuja hapa wananibembeleza mimi! Mama usilie. Mama, tutanyamaza, mkwe wako asiharibikiwe na kazi. Mpiga pasi yule alikuwa amebakiza kidogo tu anunue pasi yake, naye ndiye anayeniletea chai. Chai yenyewe hainishuki."

"Kosa si lako, mama. Ni langu."

"Ungejuaje? Wewe ulinijibu kwa heshima zako zote."

Maneno yale yalimchoma Kobe mahali ambapo hakutaka kupatazama. Akasema haraka, "Mwandikie Sajini kila kitu. Ulivyoniuliza na nilivyokujibu. Usipunguze."

"Mkwe wangu—"

"Usipunguze, mama. Ukinitoa mimi, wakili wao atakukamata kwenye uongo mmoja, na ukweli wote utaoza. Pesa za watu zitakwenda."

Mama mkwe akainuka, akafungua mlango, na hakuwa na haja ya kuita, kwa sababu nusu ya ufuaji ilikuwa imejibanza koridoni, na mpiga pasi yuko mbele.

"Nasema," mama mkwe aliwaambia. "Yeye mwenyewe ameniambia niseme."

Hakuna aliyeshangilia. Mzee wa kukunja mashuka alishusha pumzi. Mpiga pasi aliingia mpaka ndani, akasimama mbele ya Kobe, mikono kiunoni.

"Kwa hiyo sasa naruhusiwa kukukasirikia?"

"Unaruhusiwa."

"Maana nimejibana wiki nzima. Kwa ajili ya huyu mama." Macho yake yalikuwa mekundu. "Wewe mtu wa serikali, mama wa watu anakuuliza swali, unajibu kama unafukuza kuku? Hata kuuliza ni marejesho ya nini! Neno moja tu, afande! Ungeuliza neno moja, mimi leo nina pasi yangu."

"Ni kweli."

"Usiniambie ni kweli! Jitetee basi!"

Mpiga pasi alingoja utetezi, akaona haupo, akamgeukia Sajini. "Lete hiyo karatasi yangu ya wiki iliyopita. Na kalamu inayoandika."

*

Mkubwa wa Kobe alimsikiliza kwenye simu bila kumkatiza, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kutukanwa. Kisha akasema jalada liende kwa Sajini, mara hiyo hiyo, na Kobe aandikishe maelezo yake kama shahidi yeyote. Mengine wataongea Jumatatu.

Kwa hiyo mchana ule Kobe alikaa kwenye meza yake mwenyewe, upande wa pili, kwenye kiti ambacho kwa miaka yote alikuwa anawakalisha wengine. Hakuwahi kujua kwamba kinayumba. Sajini alikaa upande wa droo. Maelezo ya mama mkwe na ya mpiga pasi yalikuwa mbele yake, yamesainiwa, na nakala za sauti zimefungwa kwenye bahasha. Yalibaki ya Kobe tu, ili mnyororo ukamilike, kabla mahakama haijafunga.

Sajini alimuuliza jina kamili, cheo na anwani, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Kobe alijibu. Alimuuliza uhusiano wake na shahidi wa kwanza.

"Mama mkwe."

"Alikuuliza nini? Maneno yenyewe."

"Hawa watu wa marejesho ya kila mwezi, ni wa halali?"

"Ukajibu nini?"

"Halali kabisa, mama. Wape mapema ulale usingizi."

"Ulidhani anazungumzia nini?"

"Kikundi chao cha kukopeshana."

"Alikutajia kikundi?"

"Hapana."

"Ulimuuliza ni marejesho ya nini?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Kobe alikuwa na jibu tayari. Alikuwa amelishikilia tangu koridoni, na lilikuwa jibu zuri. "Ni mama mkwe, Sajini. Mtu atamhoji mama mkwe habari za pesa zake? Nitaanzia wapi?"

Sajini aliandika. Kisha akavuta karatasi ya mama mkwe, akasoma bila kupandisha wala kushusha sauti: "Mkwe wangu alinijibu kwa heshima, kama mtoto niliyemzaa mwenyewe. Hana kosa." Akairudisha mahali pake. "Yanalingana. Nimekuandikia: sikumuuliza zaidi kwa sababu ya heshima. Tia sahihi hapa."

Kobe aliichukua kalamu. Aliyasoma maneno yale, kwa sababu ya heshima, akayasoma tena. Mwandiko wa Sajini ulikuwa safi na kila mtu angeuamini.

"Kata hilo," alisema.

"Lipi?"

"La heshima."

"Niandike nini?"

Nje mtu alikuwa anagombana na mlinzi wa geti. Kobe alisikiliza ugomvi ule mpaka ukaisha.

"Kulikuwa na mpira kwenye televisheni," alisema. "Yeye alikuwa amesimama mlangoni. Sikugeuza hata shingo. Nilimjibu hivyo ili aondoke."

Sajini alimtazama, mara ya kwanza tangu wakae. "Niandike hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Alikata mstari, akaandika mwingine juu yake, akaigeuza karatasi upande wa Kobe. "Unajua maelezo ya shahidi husomwa kwa sauti. Na mama mkwe wako atakuwa amekaa pale, benchi la mbele, anasikiliza."

"Najua," Kobe alisema, akatia sahihi.